Kipepeo Jaladani, Gugu Shambani

Mwanamke kijana anapanda mlima kumfuata mwanamume asiye mumewe. Watoto wake wawili amewaacha kwa mama mkwe. Amevaa buti za mitumba, na miwani yake hakuichukua kwa sababu hataki kuonekana nayo. Akiwa katikati ya msitu anaona bonde zima linawaka. Miti imeshika rangi ya moto, matawi yanatikisika, lakini hakuna moshi wala mlio wa kitu kinachoungua. Anaamini ameoneshwa ishara. Anageuka na kurudi kwa mumewe.

Ndivyo inavyoanza Flight Behavior, riwaya ya Barbara Kingsolver iliyotoka mwaka 2012. Ule moto si moto. Ni vipepeo, mamilioni yao, wamening'inia kwenye matawi ya miti. Mwanamke huyo, Dellarobia Turnbow, atakuja kulijua hilo baadaye, akiwa amevaa miwani.

Nimeisoma riwaya hii mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa chuoni, nikaipenda kama wanavyoipenda wengi, kwa ajili ya huo moto. Mara ya pili ilikuwa mwaka jana, wiki chache baada ya kugombana na mama yangu kwenye simu kuhusu dawa ya magugu. Usomaji wa pili ndio ulionifanya niandike. Safari hii niliona kwamba kitabu kinamfahamu mama yangu vizuri kuliko ninavyomfahamu mimi, na kwamba kuna mhusika mmoja ambaye kitabu kimempita bila kumtazama usoni. Mhusika huyo ni gugu.

Kwanza nieleze ukweli ambao riwaya imejengwa juu yake. Vipepeo hawa huitwa monaki. Kila mwaka majira ya joto yanapoisha, wale wa mashariki mwa milima ya Rocky huondoka Marekani na kusini mwa Kanada, wakaelekea Meksiko. Wengine huruka zaidi ya kilomita 4,000. Hutua kwenye milima ya Michoacán na Jimbo la Meksiko, yapata mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, wakashikamana kwenye miti iitwayo oyamel, jamaa ya misonobari, hadi matawi yanalemewa. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika huko. Vipepeo wa majira ya joto huishi wiki chache tu. Kizazi kinachosafiri ndicho huishi hadi miezi minane. Wanaoonekana tena kaskazini mwaka unaofuata ni wajukuu na vitukuu wa walioondoka.

Safari hiyo yote inategemea mmea mmoja, au tuseme ukoo mmoja wa mimea, Asclepias. Jike hutaga mayai yake hapo, kwa sababu kiwavi wake hali kitu kingine. Ukilikata jani lake linatoa utomvu mweupe wenye sumu. Kiwavi hula sumu hiyo na kuihifadhi mwilini, na kipepeo huirithi. Ndege akimmeza hutapika, na kuanzia hapo akiona mabawa ya rangi ile hukaa mbali. Kwa Kiingereza jina la mmea limeunganisha maneno mawili, maziwa na gugu. Mimi nitauita gugu la maziwa, ili lile neno la pili lisisahaulike. Gugu si aina ya mmea. Ni mmea ambao mwenye shamba hautaki.

Sasa turudi kwenye riwaya. Kingsolver, ambaye alisomea biolojia kabla ya kuwa mwandishi, amefanya jambo moja la kubuni: amewahamisha vipepeo. Badala ya kufika Meksiko wametua Tennessee, kwenye milima ya Appalachia, juu ya shamba la kondoo la ukoo wa Turnbow. Sababu ni kwamba hali ya hewa imevurugika, na mlima waliouzoea umeporomoka. Maporomoko hayo hakuyabuni yote. Februari 2010 mvua kubwa zilileta maporomoko na mafuriko Angangueo, mji wa Michoacán ulio jirani na misitu ya vipepeo, na watu walikufa.

Kwa hiyo kile ambacho wanakijiji wanakiona kuwa muujiza ni ajali. Hilo ndilo wazo kubwa la kitabu, na limeshikwa barabara kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila mtu anayepanda ule mlima anaona anachokihitaji. Waumini wanaona mkono wa Mungu. Baba mkwe, Bear, ana mkopo wa kulipa, na anaona miti ya kuuza. Waandishi wa habari wanaona picha nzuri ya kufungia taarifa. Mwanasayansi, Ovid Byron, mtu mweusi kutoka Visiwa vya Virgin, peke yake ndiye anaona viumbe waliopotea njia ambao baridi ya Tennessee huenda ikawaua wote. Dellarobia anajifunza kuona hivyo polepole, na kujifunza huko kunamgharimu. Akishajua kwamba uzuri ule ni ugonjwa, hawezi tena kuufurahia kama jirani zake, na hawezi pia kurudi kuwa mtu ambaye hajui.

Nguvu nyingine ya kitabu ni jinsi kinavyowatazama maskini. Kuna tukio moja ambalo ningeliweka kwenye darasa lolote la uandishi. Mwanaharakati wa mazingira kutoka mbali amefika mlimani na karatasi yenye orodha ya ahadi. Anataka watu waisaini, waahidi kupunguza madhara yao kwa dunia. Anamsomea Dellarobia kipengele kimoja baada ya kingine. Ukienda mgahawani, beba chombo chako cha kuwekea chakula kitakachobaki. Dellarobia hajakaa mgahawani kwa zaidi ya miaka miwili. Vipengele vingine vinakwenda hivyo hivyo: ama ni vitu anavyofanya tayari kwa sababu hana hela, ama ni anasa ambazo hajawahi kuzigusa. Wanafika mwisho, kwenye kupunguza safari za ndege, na hapo hakuna la kuongeza. Kingsolver hamzomei mwanaharakati. Anamwacha asome tu, na sisi tunasikia.

Nilipolisoma tukio hilo mara ya pili nilifunga kitabu. Nilikuwa nimejiona. Nitaeleza.

Kabla ya hapo nataka tutazame kazi nyingine, picha, kwa sababu naamini riwaya inabishana nayo hata pale isipoitaja. Agosti 1976 jarida la National Geographic lilitoa kwenye jalada lake picha ya mwanamke kijana aliyefunikwa na monaki. Ndani ya jarida Fred Urquhart, mtaalamu wa wadudu kutoka Kanada, alieleza jinsi makao ya vipepeo ya msimu wa baridi yalivyopatikana hatimaye. Yeye na mkewe Norah walikuwa wamefanya kazi hiyo kwa miongo mingi, wakiwaomba watu wa kujitolea wabandike vibandiko vidogo kwenye mabawa ya vipepeo. Waliopanda mlima na kuwakuta, Januari 1975, walikuwa Ken Brugger na Catalina Aguado. Urquhart mwenyewe alipofika mwaka uliofuata alimwona kipepeo mwenye kibandiko kilichowekwa Minnesota na mwalimu na wanafunzi wake. Ushahidi ukakamilika.

Mwanamke wa jaladani ndiye Catalina Aguado, mzaliwa wa Michoacán. Mtu wa pale pale, mmoja wa waliogundua, aliwafikia mamilioni ya wasomaji kwanza kama kiegemeo cha vipepeo. Na lile neno, "yamepatikana", nalo lina kasoro. Wakulima wa vijiji vya milima ile walikuwa wakiwaona vipepeo hao kila mwaka. Hufika mwanzoni mwa Novemba, wakati wa siku za kuwakumbuka marehemu, na wako wanaoamini kuwa ni roho za wapendwa wao zinarudi nyumbani. Kilichopatikana mwaka 1975 ni jibu la swali la watu wa kaskazini. Ni jibu kubwa, wala silidharau. Lakini vijiji vile havikuwa vimepoteza kitu.

Kingsolver anajua hili. Ndiyo maana amemweka Josefina, msichana mdogo wa Kimeksiko anayesoma chekechea na Preston, mwanawe Dellarobia. Siku moja Josefina na wazazi wake wanabisha hodi. Wanatoka Angangueo. Kwao ule mlima ulioporomoka haukuwa habari ya kisayansi; uliondoka na nyumba na kazi. Ni ukurasa mzito kuliko mihadhara yote ya Ovid Byron. Baada ya hapo, hata hivyo, familia hiyo inabaki pembeni mwa hadithi. Imekuja kutuambia kilichotokea, tumeelewa, na macho yetu yanarudi kwa Dellarobia. Riwaya inaposimulia jalada la 1976 upya, nayo inaishia kumtumia Mmeksiko kama mtu wa kuonesha njia.

Matukio ya baadaye yamelifanya pengo hilo lionekane zaidi. Tarehe 13 Januari 2020 Homero Gómez González, msimamizi wa hifadhi ya vipepeo ya El Rosario, Michoacán, alitoweka. Aliwahi kuwa mkata miti kabla ya kuwa mlinzi wa miti. Mwili wake ulikutwa kisimani tarehe 29. Siku chache baadaye Raúl Hernández Romero, muongoza watalii katika eneo hilo la vipepeo, naye alikutwa amekufa. Kitabu cha 2012 hakiwezi kulaumiwa kwa kutojua ya 2020. Lakini msomaji wa leo anapofika kwenye ule mlango ambao Josefina na wazazi wake wamesimama, anatamani mwandishi angewakaribisha wakae.

Sasa nije kwenye gugu.

Idadi ya monaki huko Meksiko haihesabiwi kipepeo kwa kipepeo. Hupimwa ukubwa wa msitu waliotanda. Msimu wa 1996–97 walijaza hekta 18.19. Msimu wa 2013–14 walitosha hekta 0.67. Msimu wa 2023–24 walikuwa kwenye hekta 0.90, na uliofuata wakapanda hadi 1.79. Wanasayansi hawakubaliani juu ya uzito wa kila sababu. Wako wanaotaja zaidi ukataji wa miti ya oyamel, wako wanaotaja ukame na dhoruba, wako wanaosema wengi hufia njiani. Lakini sababu moja iko karibu kila orodha. Kuanzia mwaka 1996 wakulima wa Marekani walipata soya, na muda mfupi baadaye mahindi, yaliyobadilishwa vinasaba ili yasife yakipigwa glaifoseti. Kabla ya hapo gugu la maziwa lilikuwa likikatwa na trekta, likichipua tena kutoka mizizini, likiishi katikati ya mistari ya mahindi ya Iowa na Illinois. Dawa mpya ilifika hadi mizizini. Mahindi yakabaki, gugu likaisha. Mashamba yale yalikuwa wodi ya uzazi ya monaki, na hakuna aliyekuwa ameyaita hivyo.

Gugu hilo hilo liliwahi kuwa mali. Katika Vita Kuu ya Pili, Japani ilipoiteka Java, Marekani ilikosa sufi ya kujazia maboya ya wanajeshi wa majini. Sufi ile ile ya mito yetu ya kulalia. Serikali ikawaomba watoto wa shule wakaokote matunda ya gugu la maziwa porini, kwa sababu mbegu zake zina nyuzi laini zinazoelea majini. Waliambiwa mifuko miwili inaokoa maisha ya mtu mmoja. Vita vilipoisha likarudi kuwa gugu.

Katika Flight Behavior gugu la maziwa limetajwa. Wanasayansi wanalieleza, Dellarobia analielewa. Lakini halina tukio lake. Kitabu kimechagua maporomoko: mlima unaanguka, vipepeo wanapotea, msitu unawaka bila moto. Haya yote yanaonekana. Mmea ambao haukuota mwaka huu hauonekani. Hakuna anayepanda kilima na kushtushwa na shamba safi la mahindi. Hapo ndipo naona udhaifu wa riwaya, na pengine udhaifu wa hadithi kama chombo. Inataka siku ambayo mambo yaliharibika, na mtu wa kuliona jambo hilo kwa mara ya kwanza. Uharibifu wa gugu la maziwa hauna siku ya kwanza. Ulinunuliwa dukani, msimu baada ya msimu, na watu waliotaka mavuno na kupumzisha migongo yao.

Mmoja wa watu wa namna hiyo ni mama yangu.

Mama analima mahindi Iringa. Nimekua nikipalilia shamba lile kwa jembe la mkono, na najua saa nne asubuhi mgongo unavyokuwa. Miaka michache iliyopita alianza kupiga dawa kabla ya kupanda. Anamlipa kijana mwenye bomba la mgongoni, na kazi ya siku tano inakwisha kwa asubuhi moja. Mimi, niliyekuwa mjini na intaneti, nilikuwa nimesoma habari za monaki. Nikasoma pia kwamba kwetu yupo ndugu yake, Danaus chrysippus, kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe, na kwamba viwavi wake nao hula mimea ya utomvu mweupe. Nikampigia simu.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo niliache gugu kwa ajili ya kipepeo?"

Nikasema si lote. Pembezoni tu.

"Haya, mwanangu. Njoo upalilie hiyo iliyobaki."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia ndiyo maana dunia inaharibika. Alinyamaza, akasema simu inakatakata, ikakatika kweli.

Wiki chache baadaye nilikuwa nasoma habari za mtu mwenye orodha ya ahadi, akimsomea mwanamke asiyeenda mgahawani. Ndiyo sababu nilifunga kitabu.

Hii ndiyo hukumu yangu kwa Flight Behavior, na naitoa nikiwa nimeshaiombea mama radhi. Ni riwaya inayojua kwamba huwezi kumwokoa kipepeo kwa kumdharau anayeishi naye. Kati ya vitabu vya mazingira nilivyosoma, vichache vinalijua hilo. Lakini imemweka kipepeo juu mlimani, mbali na shamba, na kwa hiyo imekwepa mgogoro mgumu kuliko yote: pale ambapo maskini mwenyewe ndiye ameshika bomba, na ana haki ya kulishika. Bear akitaka kukata miti ni rahisi kumpinga. Msitu ni mzuri na yeye ni mkali. Ningependa kusoma riwaya ambayo Dellarobia ndiye anayepiga dawa, kwa sababu nzuri, na gugu linakufa, na hakuna mtu mbaya.

Wala majibu ya haraka hayasaidii. Huko Marekani watu wengi wenye nia njema walikimbilia kupanda gugu la maziwa bustanini, na wengi walipanda lile la kitropiki, Asclepias curassavica, kwa sababu maua yake yanapendeza na linauzwa kila mahali. Katika majimbo ya kusini yenye joto halinyauki msimu wa baridi. Baadhi ya monaki hukaa hapo wasisafiri, na kimelea kinachowadhoofisha hurundikana kwenye majani yale yale. Uzuri tena, umepotea njia. Kingsolver angeweza kuandika sura hiyo vizuri sana.

Mwisho wa riwaya sitausimulia wote. Kuna maji mengi, kuna uamuzi wa Dellarobia kuhusu maisha yake, na kuna vipepeo waliosalia ambao hatuambiwi watafika wapi. Ni mwisho unaostahili. Msome, hasa ninyi mliokulia vijijini mkaondoka kwa ajili ya masomo, kwa sababu ndani yake kuna mtu anayejua mnachokiacha na mtu anayejua mnachokifuata, na wote wawili wanasema kweli.

Desemba nilikwenda nyumbani. Mama alinipeleka mwisho wa shamba, karibu na njia ya maji, akanionesha mashina matatu yenye majani membamba na matunda ya duara kama puto, yenye vinyweleo. Alivunja jani, utomvu mweupe ukatoka.

"Ndiyo hili lako?" akauliza.

Nikasema nadhani ndiyo. Nikamshukuru kwa kuliacha.

"Sikuliacha," akasema. "Dawa iliisha kwenye bomba."

Nikainama kuangalia chini ya majani, moja baada ya jingine. Hapakuwa na yai, hapakuwa na kiwavi. Nikapiga picha ya gugu lenyewe, bila kipepeo, nikaituma kwenye kundi la familia. Binamu yangu akajibu baada ya dakika moja, akiuliza hapo nimepiga picha ya nini.